Jasho la nyota wa Korea lageuka bidhaa, faida yaangukia kwingine

KIPINDI cha televisheni kilichowaonyesha waigizaji wanne wa kike wa Korea ya Kusini wakijifunza kuogelea baharini, kuendesha baiskeli na kukimbia kimeacha somo la biashara ambalo halikuwamo katika kipindi chenyewe. Somo hilo ni kwamba kitu kinachopendwa na watu wengi si lazima kimtajirishe aliyekitengeneza, na kwamba mwekezaji anayekimbilia hisa kwa sababu ya kipindi alichokipenda anaweza kujikuta amenunua kitu kingine kabisa.

Kipindi hicho, ambacho kwa Kikorea kinaitwa Musoe Sonyeodan, yaani Kikosi cha Wasichana wa Chuma, kilianza kurushwa na kituo cha tvN Septemba 2024. Waliohusika ni Jin Seo-yeon, Uee, Seol In-ah na Park Ju-hyun, chini ya usimamizi wa Kim Dong-hyun, mpiganaji wa zamani wa UFC. Kati yao ni Uee tu aliyekuwa na historia ya kuogelea kwa mashindano, tangu akiwa mwanafunzi na kabla hajaingia katika muziki na uigizaji. Wengine walianza karibu na sifuri.

Kazi waliyopewa ilikuwa kumaliza triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio bila mapumziko. Kipimo kilichotumika ni kile cha Olimpiki: meta 1,500 majini, kilometa 40 kwa baiskeli na kilometa 10 kwa miguu. Muda wa mwisho ulikuwa saa tatu na nusu. Oktoba 2024 waigizaji wote wanne waliingia katika mashindano ya Tongyeong, mji wa bandari ulioko pwani ya kusini, na wote wakavuka mstari wa mwisho.

Kwa watazamaji, hadithi iliishia hapo. Kwa watu wa biashara, hapo ndipo hesabu inapoanza.

KWA NINI TELEVISHENI INAPENDA JASHO

Vipindi vya watu mashuhuri wanaojitesa kwa michezo si vipya nchini Korea. Mwaka 2011 wachekeshaji wa kipindi maarufu cha Infinite Challenge cha kituo cha MBC walifanya mazoezi ya kupiga makasia kwa miezi kadhaa, kisha wakashindana. Tangu wakati huo kila kituo kikubwa kimejaribu biashara hiyo kwa namna yake.

Sababu ya kwanza ni gharama. Tamthilia ya Kikorea ya siku hizi hugharimu zaidi ya won bilioni 1 kwa sehemu moja, na mishahara ya waigizaji wakuu ndiyo inayomeza fungu kubwa. (Mwishoni mwa 2024 dola 1 ya Marekani ilikuwa na thamani ya kiasi cha won 1,400.) Kipindi cha mazoezi hakina mandhari ya kujenga wala mwandishi wa hadithi wa kulipwa kwa kila sehemu. Bahari, barabara na mabwawa ya kuogelea tayari yapo. Kinachohitajika ni kamera nyingi, waokoaji, makocha na subira.

Sababu ya pili ni kwamba mashindano yana tarehe. Mtazamaji anajua tangu siku ya kwanza kuwa ipo siku ambayo ukweli utajulikana, na kwamba saa haitamhurumia mtu kwa sababu ni nyota. Wiki kwa wiki anarudi kuangalia kama yule aliyekuwa akiogopa maji ameweza kutumbukia. Muuza matangazo naye anapata kitu anachokipenda kuliko vyote, nacho ni hadhira inayorudi siku ileile na saa ileile.

Sababu ya tatu inahusu bei ya michezo ya kweli. Tving, kampuni tanzu inayoonyesha vipindi kwa malipo kupitia intaneti na iliyo chini ya kundi moja na tvN, ilikubali kulipa won bilioni 135 kwa haki za kuonyesha ligi ya baseball ya Korea katika intaneti kwa misimu mitatu, kuanzia 2024 hadi 2026. Hiyo ni won bilioni 45 kwa msimu, au zaidi ya dola milioni 30. Haki za namna hiyo zikiisha, kampuni hulazimika kupatana upya, na bei inaweza kupanda. Lakini kituo kinapochukua waigizaji wanne na kuwapeleka kwenye mashindano, kinakuwa kimejitengenezea mchezo wake chenyewe. Picha hizo ni mali yake na zinaweza kurudiwa au kuuzwa nje.

Umuhimu wa umiliki huo ulionekana waziwazi mwaka 2025, pale kituo cha JTBC na kampuni iliyokuwa ikikitengenezea kipindi kilichovuma sana cha baseball ya wachezaji wastaafu walipogombana kuhusu gharama na haki za kipindi hicho, hadi wakafikishana mahakamani. Kipindi kikipendwa, swali la nani mwenye mali haliwezi kuahirishwa.

FEDHA INAPITA WAPI

Mfereji wa kwanza wa fedha ni matangazo ya kawaida yanayokatiza kipindi. Wa pili ni bidhaa zinazoonekana ndani ya kipindi chenyewe. Korea iliruhusu rasmi njia hiyo Januari 2010, lakini kwa masharti. Nembo ya bidhaa haitakiwi kuzidi robo ya skrini, mtazamaji lazima ajulishwe kabla kuwa kipindi kina bidhaa zilizolipiwa, na taarifa ya habari pamoja na vipindi vya watoto haviruhusiwi kabisa.

Kwa kipindi cha mapenzi au cha polisi, masharti hayo ni kikwazo, kwa kuwa kikombe cha kahawa kinachokaa mezani muda mrefu humchosha mtazamaji. Katika kipindi cha triathloni hali ni tofauti. Mkimbiaji lazima avae viatu, mwendesha baiskeli lazima awe na kofia ngumu, na muogeleaji wa baharini mara nyingi huvaa nguo ya mpira. Baada ya mazoezi watu hunywa, hula na kujichua misuli. Bidhaa haihitaji kusukumwa ndani ya hadithi kwa sababu hadithi haiwezi kwenda bila hiyo bidhaa.

Mfereji wa tatu ni Tving, ambako waliokosa kipindi hukitafuta kwa ada ya mwezi. Wa nne ni ule ambao wengi husahau. CJ ENM, kampuni inayomiliki tvN, ilizaliwa Julai 2018 kwa kuunganishwa kampuni mbili za kundi la CJ: moja ya burudani na nyingine ya kuuza bidhaa kwa televisheni. Hii ya pili ina mizizi katika mwaka 1995, wakati biashara ya aina hiyo ilipoanza Korea. Kwa maneno mengine, nyumba inayomwonyesha nyota akikimbia ina duka katika chumba cha pili.

Kwa jinsi mambo yalivyopangwa, mtu angetarajia kwamba kipindi kama hiki kitaonekana katika mahesabu ya kampuni. Tarakimu zinasema vingine.

HISA HAZIKIMBII NA NYOTA

CJ ENM imeorodheshwa katika soko la KOSDAQ mjini Seoul. Mwaka 2023 ilipata hasara ya uendeshaji ya kiasi cha won bilioni 14.6. Mwaka 2024, mwaka wa Wasichana wa Chuma, ilirudi kwenye faida ya uendeshaji ya zaidi ya won bilioni 100, katika mapato yaliyozidi won trilioni 5. Anayesoma haraka anaweza kudhani jasho la waigizaji lilisaidia. Hesabu ndogo inatosha kuondoa dhana hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kipindi kimoja kimeleta won bilioni 5. Kiasi hicho kingekuwa chini ya elfu moja ya mapato ya mwaka mzima.

Kilichoitikisa kampuni kilikuwa mbali sana na bahari ya Tongyeong. Januari 2022 CJ ENM ilikamilisha ununuzi wa karibu asilimia 80 ya kampuni ya filamu ya Marekani iliyoitwa Endeavor Content, ambayo sasa inajulikana kama Fifth Season, kwa dola milioni 775. Mwaka uliofuata waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei hadi Septemba 2023, na waigizaji wakagoma kuanzia Julai hadi Novemba. Filamu zikakwama, na kampuni iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ikaingia hasara. Wakati huohuo Tving ilikuwa inatumia fedha nyingi kushindana na Netflix, na soko la matangazo ya televisheni lilikuwa linanywea.

Bei ya hisa iliyafuata hayo. Katikati ya 2021 hisa moja ya CJ ENM iliuzwa kwa zaidi ya won 150,000. Mwishoni mwa 2024, wiki chache tu baada ya waigizaji wanne kushangiliwa na nchi nzima, ilikuwa chini ya won 70,000.

Korea ina mamilioni ya wawekezaji wadogo wanaonunua hisa kwa simu, na wengi wao hufuata kile kinachoitwa hisa za mada: jambo likivuma asubuhi, hisa zinazohusishwa nalo hupanda kabla ya mchana. Mchezo huo humfaa aliyetangulia na kumwumiza aliyefuata. Mwekezaji mwenye busara huuliza kwanza kipindi kina uzito gani katika mapato ya kampuni, na kama ni sehemu ya elfu, basi kipindi ni starehe yake ya jioni na hakipaswi kuwa sababu ya kutoa akiba.

VIATU VYA NANI

Kama faida kubwa haikwenda kwa mwenye televisheni, ilikwenda wapi? Jibu la karibu ni miguuni.

Wimbi la kukimbia lilikwishaanza Korea kabla ya triathloni. Oktoba 2023 mchora katuni anayejulikana kama Kian84 alionyeshwa na kituo cha MBC akimaliza marathoni yake ya kwanza kwa saa 4 dakika 47. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa na umbo la mwanariadha, na ndiyo maana watu wa ofisini waliomwangalia walijiona wenyewe. Desemba ya mwaka huohuo MBC ilimpa tuzo yake kuu ya burudani. Mwaka 2025 kituo cha MBN kilikusanya watu 16 wasio na uzoefu kuwafundisha kukimbia, na mwishoni mwa mwaka huo MBC ikampa Kian84 kipindi kizima cha mbio ngumu za nje ya nchi. Machi 2025 marathoni ya Seoul ilikuwa na washiriki wapatao 40,000.

Washiriki hao hawakimbii pekupeku. Viatu wanavyovitamani ni vya Asics ya Japani, Hoka ya kampuni ya Deckers ya Marekani, On ya Uswisi, na Nike. Zote hizo ni kampuni za nje, na hisa zao zinauzwa Tokyo na New York. On, kwa mfano, iliingia soko la New York Septemba 2021 kwa dola 24 kwa hisa.

Lakini hata hapo kuna mkono wa Korea ambao mtazamaji hauoni. Katika miaka ya 1980 mji wa Busan ulikuwa moja ya karakana kubwa za viatu vya michezo duniani. Mishahara ilipopanda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vikafungwa na kazi ikahamia China, Indonesia na Vietnam. Makampuni mawili ya eneo hilo, Taekwang na Changshin, hayakufa. Yalihamisha mashine, yakaendelea kutengeneza viatu vya Nike huko Vietnam, na mpaka leo yamo katika kazi hiyo. Hivyo kijana wa Seoul anaponunua kiatu cha Kimarekani baada ya kumwona nyota wake televisheni, sehemu ya fedha yake inaweza kurudi kwa Wakorea wenzake. Ila makampuni hayo ni ya kifamilia, na mwekezaji mdogo hana mlango wa kuingilia.

HATARI YA KUJAZA STOO

Kwa mwenye duka, hatari ni nyingine. Triathloni inahitaji vifaa vya bei kubwa na visivyo na matumizi mengine. Mtu akichoka kukimbia, viatu vyake bado atavivaa kwenda sokoni. Nguo ya mpira ya kuogelea haivaliwi popote pengine.

Chukua mfano wa muuzaji aliyenunua nguo 50 kwa bei ya jumla ya dola 100 kila moja, akitarajia kuuza kwa dola 140. Amelipa dola 5,000. Msisimko wa kipindi ukimwezesha kuuza 30, ameingiza dola 4,200. Bado ana upungufu wa dola 800 kabla ya kodi ya pango na riba ya mkopo. Faida yake yote imelala katika zile 20 zilizobaki stoo.

Je, msimu wa pili ungezitoa? Hapo ndipo wengi wangeteleza. Wasichana wa Chuma walirudi tvN mwaka 2025, lakini waliporudi hawakuwa tena majini. Msimu wa pili ulikuwa wa ndondi. Kituo kilibadili mchezo kwa sababu watazamaji hutaka jambo jipya, na hakikuwa na deni lolote kwa muuza baiskeli au muuza nguo za kuogelea.

Sekta ya baiskeli inajua uchungu huo kwa kipimo kikubwa zaidi. Wakati wa ugonjwa wa korona watu wa nchi nyingi walinunua baiskeli kwa wingi, na maduka yakaagiza kana kwamba hali hiyo ingedumu. Shimano ya Japani, inayotengeneza gia na breki kwa sehemu kubwa ya baiskeli za dunia, iliuza bidhaa za kiasi cha yen bilioni 629 mwaka 2022. Mwaka 2023 mauzo yalishuka hadi yen bilioni 474, takriban robo nzima, kwa sababu stoo za wauzaji zilikuwa zimejaa. Kama kampuni ya ukubwa huo ilikosea kupima kiu ya wateja, duka la mtaani halina budi kupima mara mbili.

WALIOPATA BILA KELELE

Wapo waliofaidika bila kutegemea mtindo. Tongyeong ni mji wa wavuvi na wa chaza, na mashindano ya kimataifa ya triathloni yalikuwa yakifanyika huko miaka mingi kabla ya kamera za tvN. Mashindano hujaza nyumba za wageni na migahawa ya bandarini mwishoni mwa Oktoba. Kwa mji huo, kipindi kilikuwa tangazo ambalo haukulazimika kujenga chochote kipya ili kulitumia.

Mwingine ni mwimbaji Sean, ambaye tangu 2020 amekuwa akikimbia kilometa 81.5 kila Agosti 15, siku ya ukombozi wa Korea, ili kuchangisha fedha za kuwajengea nyumba wazao wa wapigania uhuru. Makampuni huchangia na majina yao yakaonekana. Hayo hayahitaji msimu wa pili, kwani tarehe hairuki.

Afrika Mashariki nayo imo katika biashara hii, mwanzoni na mwishoni. Mbele kabisa ya marathoni ya Seoul, kwa miaka mingi, wamekuwa wanariadha wa Kenya. Mmoja wao, Wilson Loyanae wa Turkana, alishinda mbio hizo mara nne kati ya 2012 na 2018, na katika mwaka huo wa mwisho akapewa uraia wa Korea na kuitwa Oh Joo-han. Aliivalia Korea jezi katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, ingawa hakuweza kumaliza.

Nyuma kabisa wapo wafanyabiashara wa mitumba. Korea ya Kusini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nguo zilizotumika duniani, na marobota yake hufika Dar es Salaam na Mombasa. Nyumba za Seoul ni ndogo, na mtu aliyeanza kukimbia kwa sababu ya televisheni asipoendelea, nguo na viatu vyake havitakaa kabatini milele. Haitashangaza kama katika miaka michache ijayo wafungua marobota wataanza kukutana na vitu vya michezo vya daraja la kwanza ambavyo havikukimbizwa zaidi ya wiki mbili. Mwenye jicho la kuvitambua mapema atavitenga na kuvipangia bei yake, badala ya kuviuza kwa fungu.

Waigizaji wanne walimaliza safari yao ndani ya saa tatu na nusu. Mnunuzi wa hisa na mwenye duka hawana saa ya namna hiyo, na hawapigiwi filimbi ya mwisho. Wao wana daftari tu, na wahenga walikwisha kusema: biashara asubuhi, jioni mahesabu.